Kujaa ni Nusu ya Hesabu: Mwongozo kwa Mwenye Gesti wa Nchelenge

Mwulize mwenye gesti wa Kashikishi biashara inakwendaje, naye atakujibu kwa vyumba: "Jana tulijaa," au "Wiki hii ni vitatu tu." Jibu ni la kweli, ila limebeba nusu ya habari. Nusu nyingine ni bei iliyowaleta hao wageni, na fedha zilizobaki baada ya shuka kufuliwa na chai kunywewa. Gesti inaweza kujaa mwezi mzima na mwenyewe akakwama kumlipa mlinzi, huku jirani yake mwenye vyumba nusu tupu akipandisha bati jipya.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuzisoma nusu zote mbili kwa pamoja. Huhitaji programu ya kompyuta. Unahitaji kitabu cha wageni kilichoandikwa vizuri, kalamu, na kikokotoo cha simu. Mifano ni ya Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kwa sababu hapa misimu ina makali na makosa ya bei huonekana upesi. Ukiwa na gesti Kigoma, Bukoba au Kalemie, badilisha majina tu.

Wajue wanaolala kwako

Mji wa Nchelenge na soko la samaki la Kashikishi vimeshikana, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Watalii hapa ni wachache. Wanaolala gesti ni wachuuzi wa samaki kutoka Lusaka na miji ya Copperbelt, wafanyabiashara wa Pweto na Kilwa ya Kongo, watumishi wa serikali waliokuja kwa semina kutoka Mansa, na ndugu wa wagonjwa waliolazwa Hospitali ya St Paul's. Wapo pia watafiti wa malaria, maana wilaya hii ni miongoni mwa zinazoumizwa zaidi na ugonjwa huo nchini Zambia. Na tangu wakimbizi wa Kongo walipoanza kupokelewa katika kituo cha Kenani mwaka 2017, na makazi ya Mantapala kufunguliwa mwaka 2018, watu wa mashirika wamekuwa wateja wa kudumu.

Kila kundi lina msimu wake, mfuko wake na namna yake ya kulipa. Kwa hiyo kwenye kitabu cha wageni ongeza safu moja: kazi iliyomleta mgeni. Bila safu hiyo utajua kwamba Machi ulijaa, lakini hutajua nani alikujaza.

Hatua ya 1: Hesabu malazi, usihesabu vyumba

Kinachouzwa ni chumba kwa usiku mmoja. Tukiite lazi. Gesti ya vyumba 12 ina malazi 12 ya kuuza kila usiku, na kwa mwezi wa siku 30 ina malazi 360. Samaki asiyepata mnunuzi leo huanikwa akauzwa wiki ijayo. Lazi lisilouzwa leo limekwisha, kesho unaanza na mengine.

Ujazo wa vyumba ni malazi yaliyouzwa, gawanya kwa malazi yote uliyokuwa nayo, zidisha kwa 100. Ukiuza 180 kati ya 360, ujazo wako ni asilimia 50.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. La kwanza ni chumba kibovu. Chumba namba 7 kikikaa wiki tatu bila kitasa, usikiondoe kwenye malazi yako. Ukikiondoa, ujazo utapanda kwenye karatasi na uzembe wa fundi utafichika. La pili ni chumba cha bure, alicholala shemeji au ofisa uliyetaka kumfurahisha. Hicho kiandikwe peke yake, kwa sababu kimechafua shuka bila kuleta fedha. La tatu ni wageni wa saa. Kama unawapokea, waandikie ukurasa wao. Chumba kilichouzwa mchana kikauzwa tena usiku kitakupa ujazo wa zaidi ya asilimia 100, na hesabu ya namna hiyo haikufundishi kitu.

Hatua ya 2: Pata tarakimu tatu

Kila mwisho wa mwezi andika tarakimu hizi kwenye ukurasa mmoja:

1. Ujazo wa vyumba, kama tulivyoona.
2. Bei ya wastani: mapato yote ya vyumba, gawanya kwa malazi yaliyouzwa. Bei ya kwenye ubao haina kazi hapa. Tunataka ile waliyolipa wageni kweli, pamoja na wale waliolalamika wakapunguziwa.
3. Mapato kwa kila chumba kilichopo: mapato yote ya vyumba, gawanya kwa malazi yote, yaliyouzwa na yaliyolala tupu.

Tarakimu ya tatu ndiyo inayoziunganisha mbili za mwanzo. Makampuni makubwa kama Marriott na Hilton huitangaza kwa wanahisa wao kila robo mwaka, nawe mwenye vyumba 12 unaihitaji kwa sababu ile ile: inakataa kudanganywa na nyumba iliyojaa kwa bei ya kutupa, na inakataa vilevile kudanganywa na bei kubwa isiyo na wateja.

Tuchukue mfano. Bei zote humu ni za kufundishia, kwa kwacha ya Zambia (K), kwa hiyo weka zako. Bei yako ni K350 na umeuza malazi 180: mapato K63,000, ujazo asilimia 50, mapato kwa kila chumba kilichopo K175. Mwezi unaofuata unashusha bei hadi K250. Watu wanakuja, unauza malazi 252, ujazo unaruka hadi asilimia 70, wahudumu wanakimbia huku na huku. Mapato? K63,000. Kwa kila chumba kilichopo, K175 ile ile. Umewapokea wageni wa malazi 72 zaidi bila kuongeza kwacha moja kwenye mapato.

Kama umesajiliwa kwa VAT, toa kodi kabla ya hesabu hizi. Kodi hiyo nchini Zambia ni asilimia 16, kwa hiyo katika K350 anayolipa mgeni, zako ni kama K302. Zilizobaki ni za serikali, zimepita tu mkononi mwako.

Hatua ya 3: Jua chumba kinacholaliwa kinakula kiasi gani

Mfano ule una shimo lingine, na ndilo linalomaliza wengi. Kila lazi linalouzwa lina gharama yake: kufua shuka na taulo, sabuni, karatasi ya choo, maji, chai ya asubuhi na mkate. Kaa na mfuaji na mpishi mkokotoe. Tuseme mmepata K80.

Kwa bei ya K350, malazi 180 yamekula K14,400, zimebaki K48,600. Kwa bei ya K250, malazi 252 yamekula K20,160, zimebaki K42,840. Mwezi wa kujaa umekuacha na pungufu ya K5,760, na hapo magodoro na vitasa vilivyochakaa havijaingia kwenye hesabu.

Angalia sana jenereta. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Kariba, mgao wa umeme wa ZESCO, shirika la umeme la Zambia, uliwafundisha wengi bei ya dizeli. Jenereta linalowasha nyumba nzima halijui kama wamelala wageni wawili au kumi na wawili, na kwa saa moja linanywa karibu kile kile. Kwa hiyo usiiweke dizeli kwenye gharama ya lazi. Iweke kwenye gharama za nyumba, na usiku wa wageni wawili fikiria taa za sola na betri kabla ya kuvuta kamba.

Hatua ya 4: Tafuta kiwango cha kutopata hasara

Gharama za nyumba ni zile unazolipa hata asipokuja mtu: mishahara, mlinzi, leseni, rejesho la mkopo, dizeli ya usiku wa giza. Tuseme kwa mwezi ni K32,400.

Kwa bei ya K350, kila lazi linakuachia K270 baada ya zile K80. Gawanya K32,400 kwa 270: malazi 120. Hicho ndicho kizingiti chako, theluthi moja ya malazi yote. Lazi la 121 ndilo linaloanza kukupa faida.

Kwa bei ya K250, kila lazi linakuachia K170, na kizingiti kinapanda hadi malazi 191, yaani asilimia 53. Bei ukiishusha kwa chini ya theluthi, malazi unayohitaji ili tu usipate hasara yanaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kabla ya kubadilisha ubao wa bei, jiulize swali moja: nikishusha, nitahitaji malazi mangapi ili nibaki pale pale? Chukua kilichobaki sasa, K48,600, gawanya kwa K170. Jibu ni malazi 286, ujazo wa asilimia 79. Je, Nchelenge ina wageni hao mwezi huu? Kama wachuuzi hawapo, hata chumba cha K100 hakitawaleta. Geuza na swali: nikipandisha hadi K400, nitavumilia kupoteza wangapi? K48,600 gawanya kwa K320 ni malazi 152. Unaweza kupoteza malazi 28 kwa mwezi na usipungukiwe.

Bei haipandi kwa kuandika tu tarakimu mpya. Mgeni wa hapa anajua anacholipia: chandarua kisicho na tundu, maji yanayotoka saa kumi na moja alfajiri, soketi inayochaji simu usiku, na geti linalofungwa gari lake likiwa ndani. Ukivirekebisha hivi vinne kwanza, mgeni ataona kilichoongezeka kabla ya kuulizwa fedha zaidi.

Hatua ya 5: Andika kalenda ya ziwa

Hoteli za Zanzibar huishi kwa kuangalia masika: Aprili na Mei bei hushuka, na nyingine hufunga kabisa. Nchelenge ina masika yake, na yanapangwa na samaki.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru ikiwemo, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu ni ya mvua pia. Mchuuzi wa samaki hana cha kufuata, na punguzo halitamleta. Huo ndio wakati wa kupaka rangi, kuwapa wahudumu likizo, kufunga upande mmoja wa nyumba ili usafishe na kuwasha taa pachache, na kuwafuata wale ambao safari zao hazitegemei wavu: idara za serikali, mashirika, hospitali, makanisa. Wasomaji wa Kigoma wameonja jambo hili: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Fungua vitabu vyako vya miaka iliyopita utazame wiki ya mwisho ya Novemba na wiki ya kwanza ya Machi. Ukikuta wachuuzi wanajazana kununua kabla ziwa halijafungwa, na tena mara linapofunguliwa, hizo ni wiki za bei kamili. Anayepunguza bei wakati huo anagawa bure.

Kisha weka mwezi wa angani kwenye kalenda. Chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza taa huwavuta. Mbalamwezi ikikolea, taa hupoteza nguvu na mavuno hupungua. Soko likikosa chisense, mnunuzi wa chisense naye hana sababu ya kulala mjini. Chukua kitabu chako, tia alama siku za mwezi mpevu kwa miezi sita iliyopita, uone wachuuzi walipungua lini. Ukiona mfuatano, utajua ni usiku upi utajaa wenyewe na upi unahitaji kusaidiwa, tena wiki kadhaa kabla.

Hatua ya 6: Punguzo liwe na masharti

Usiku ambao chumba kingelala tupu, kila kwacha inayozidi zile K80 ni msaada. Hilo ni kweli, na ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu punguzo la usiku mmoja hugeuka kuwa bei ya mwaka. Mgeni aliyelipa K220 mara moja hataielewa K350 tena.

Kwa hiyo bei ya ubaoni ibaki palepale, na punguzo lipewe sababu inayotajwa: anayelala usiku tatu au zaidi, anayechukua vyumba vitatu kwa pamoja, ndugu wa mgonjwa anayeuguza wiki nzima, mchuuzi anayelipa mapema kwa pesa za simu. Mpe mhudumu wa mapokezi kiwango cha chini kilichoandikwa, tuseme K280, na mgeni akitaka chini ya hapo, mhudumu akupigie wewe kwanza. Andika kila punguzo na sababu yake kitabuni. Mwisho wa mwezi ukiona sababu moja tu inajirudia, "mgeni alibembeleza," ujue huna utaratibu wa punguzo, una mhudumu mwenye huruma.

Hatua ya 7: Mkataba wa shirika

Shirika linakuja na kusema: tunataka vyumba sita kwa mwezi mzima, K280 kwa usiku. Piga hesabu. Malazi 180, kila moja likiacha K200, ni K36,000. Gharama za nyumba zote zimelipwa na zimebaki K3,600, na bado una vyumba sita vya kuuza kwa bei kamili. Ni biashara nzuri, hasa Januari ziwa likiwa limefungwa.

Lakini uliza mambo mawili. La kwanza, ni usiku upi mkataba unaufunika? Mwishoni mwa Julai, Mutomboko, sherehe kuu ya Walunda wa Mwata Kazembe, hufanyika Mwansabombwe, kama kilomita 50 kusini mwa Nchelenge, na wageni wake hutafuta vyumba hadi huku. Tuseme kwa usiku tatu ungeuza vyumba hivyo sita kwa K550. Mkataba wa K280 utakukosesha K270 kwa kila lazi, mara malazi 18: K4,860. Hilo si sababu ya kukataa mkataba. Ni sababu ya kuandika ndani yake kwamba usiku huo tatu una bei yake.

La pili, fedha zinaingia lini? Mapato yaliyo kwenye ankara hayanunui mkate. Ukilipwa baada ya siku 60, wewe ndiye unayemkopesha mgeni wako, na mfuaji anataka chake Ijumaa. Dai sehemu ya malipo mwanzoni na iliyobaki kila wiki mbili. Wakikataa kulipa hivyo, bei ipande kidogo kufidia kusubiri.

Na ukishawishika kujenga vyumba vipya kwa sababu mradi umekujaza mwaka mzima, uliza kwanza mradi unaisha lini. Wafadhili huondoka, rejesho la benki hubaki. Ukitoka vyumba 12 hadi 20 wageni wakibaki wale wale 6 kila usiku, ujazo umeshuka kutoka asilimia 50 hadi 30 na kizingiti chako kimepanda.

Hatua ya 8: Usiku wa kujaa wenyewe

Mutomboko, sikukuu za kitaifa, harusi kubwa, semina ya wilaya: usiku wa namna hii hauna haja ya punguzo. Una haja ya utaratibu. Pokea malipo ya awali, maana anayeshika chumba kwa maneno humwacha mwenye fedha aende zake, kisha naye asitokee. Omba usiku mbili au tatu kwa pamoja, ili Jumamosi isijae huku Ijumaa na Jumapili zikilala tupu. Pandisha bei mapema na itangaze mapema. Mgeni hukubali bei ya sherehe aliyoisikia Juni, lakini atakusema vibaya mwaka mzima kwa bei aliyobuniwa getini saa tatu usiku. Na wateja wako wa kila mwezi waachie bei yao, hata kwenye sherehe. Mchuuzi anayelala kwako mara mbili kwa mwezi, miezi tisa ya uvuvi, ni malazi 18 kwa mwaka bila tangazo.

Hatua ya 9: Hesabu shuka

Tarakimu zote hizi zina thamani tu kama kitabu kinasema kweli. Njia rahisi ya kukipima ni kamba ya kuanikia. Kila chumba kilicholaliwa hutoa jozi moja ya shuka asubuhi. Mfuaji aandike jozi alizopokea, kwenye daftari lake, bila kuona kitabu cha mapokezi. Jioni linganisha: jozi za shuka, wageni kitabuni, risiti, na ujumbe wa pesa za simu. Jozi tisa na risiti saba ni malazi mawili yasiyo na mwenyewe. Pengine ni mgeni aliyehamishwa chumba, pengine ni fedha zilizopitia mlango wa nyuma. Uliza siku hiyo hiyo, maana baada ya wiki hakuna atakayekumbuka. Wahenga wa sokoni walishasema: biashara asubuhi, jioni mahesabu.

Ukurasa wa mwisho wa mwezi

Panga tarakimu zako kwa mistari: malazi yote, yaliyouzwa, ujazo, bei ya wastani, mapato kwa kila chumba kilichopo, kilichobaki baada ya gharama ya malazi, na kizingiti. Kando yake andika mwezi ule ule wa mwaka jana. Usilinganishe Februari na Machi, kwa sababu ziwa limefungwa katika mmoja na limefunguliwa katika mwingine. Linganisha Machi na Machi.

Kisha soma hivi. Ujazo ukipanda na mapato kwa kila chumba yakisimama, umenunua wageni kwa bei, kwa hiyo kagua punguzo. Ujazo ukishuka na mapato yakipanda, usiogope. Tazama tu kama uliowapoteza ni wateja wa kila mwezi au wapita njia. Vyote viwili vikishuka wakati wa uvuvi, acha bei kwanza, kakague maji, vyandarua na geti. Vyote viwili vikipanda miezi mitatu mfululizo, ubao wako wa bei umepitwa na wakati: ongeza K20, subiri mwezi mmoja, uhesabu tena.